Barafu ya Futari

Jumatano, baada ya tarawehe

Bado sijamwambia.

Kadi mpya ya grafiki niliipachika adhuhuri, nikaweka na draiva zake, nikafungua gemu ili kupitisha saumu. Hazikufika dakika kumi, kompyuta ikalia paa, ikazimika.

Fundi wa Mtwara aliyeniuzia alinionya: "Hiyo fonte yako ya umeme ni ya zamani, kaka. Haitaibeba kadi hii." Nikaona anataka tu kuuza. Leo nimeifungua fonte, kile kisanduku cha umeme ndani ya kompyuta, nikaikuta imeungua nyeusi.

Lakini Zainabu, mke wangu, alikuwa ameshakuja mbio kutoka uani. "Ni friza yangu, baba Salma? Ndiyo inayovuta umeme wote?"

Nikasema, "Labda."

Nilikuwa nimefunga tangu alfajiri, halafu nikasema labda.

Akaenda kuichomoa mwenyewe. Akaniomba radhi.

Karibu na magharibi majirani wakaja na mabakuli yao kufuata barafu, kama kila siku ya mwezi huu. Akawarudisha mmoja mmoja, akiwaeleza kwamba friza yake imeiunguza kompyuta ya mumewe. Wote wakanigeukia mimi, wakanipa pole.

Nikawajibu nimeshapoa.