Mto Wenye Klorini

We, uko wapi? Acha unachofanya unisome. Nimeaibika mpaka masikio yanawaka.

Leo nimewasilisha vipimo vya maji ya mto, nusu nzima ya alama zangu. Yale niliyoyachota nyuma ya karakana, meusi tii, nikayatia kwenye chupa, nikaziweka kwenye friji ya nyumbani. Asubuhi nikayakuta maangavu. Nikajiambia tope limetuama. Tope lenyewe sikuliona, wala sikujiuliza! Nikayapima hivyo hivyo.

Nikasimama mbele ya darasa: madini ya risasi hakuna, mafuta hakuna, vijidudu hata wa dawa.

Mhadhiri, yule tunayemwita Darubini, akasoma jedwali langu hadi mwisho, akavua miwani. "Binti, mto wako una klorini. Nani anautia dawa?"

Mimi huyo, kwa ulimi wangu mwenyewe: "Labda unajitibu, mwalimu."

UNAJITIBU! Nimeyasema hayo mbele ya watu arobaini!

Nikatoka mbio kumpigia mama. "Mama, uligusa chupa zangu?"

Wala hakusita. "Uchafu ule niliumwaga. Nikaziosha, nikakujazia ya bomba, nikatia na ile dawa ya maji. Mwanangu ampelekee mwalimu maji machafu? Watu watasema hukufunzwa kwenu."

Darubini ameshaniambia nikachote upya, na alama naziona zikipeperuka.

Kabla sijakata simu, mama akashusha sauti, kajaa fahari: "Haya, mwalimu kasemaje? Kayasifu?"

Ningefanyaje, mwenzangu? Nikamwambia kweli tupu: kasema tangu azaliwe hajaona mto msafi namna hii.