Mwanangu Anapanda Paa Kulifuata Wingu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla mtoto hajaanguka. Mimi ni mfanya usafi ugenini, shule niliishia darasa la tano, napiga deki chumba baridi kilichojaa kompyuta zinazovuma mchana kutwa bila mtu. Mke wangu alifariki mwaka jana nikiwa huku, na simu yangu ilipoharibika nilijua sauti alizonirekodia zimepotea, lakini niliponunua nyingine zikarudi zenyewe, nikamsikia, "Baba watoto, umekula?" nikaketi sakafuni. Fundi wa simu akasema zilikuwa kwenye wingu. Basi binti yangu wa miaka sita alipouliza mama yuko wapi nikamwambia yuko kwenye wingu, nikamtumia sauti azisikilize kwa bibi yake. Tangu hapo mawingu yakitanda anapanda ngazi hadi juu ya paa na simu, anasema huko mama anasikika vizuri, na juzi bibi amemsikia akijibu maswali ambayo kwenye zile sauti hayamo.

Nikawauliza wenye kazi yao pale kazini. Fundi wa hizo kompyuta akasema, "Wingu ni kompyuta ya mtu mwingine tu, mzee." Msimamizi akacheka, "Huyo anakudanganya, wingu ni huduma, unapangisha kama chumba." Mhandisi akawakatalia wote, eti ni namna ya kugawana mashine, wakabishana hadi chai ikapoa. Nikauliza, "Kwa hiyo mke wangu yuko wapi?" Wakabeba vikombe vyao wakarudi kazini. Siku hizi nazisalimia zile mashine, na moja huwasha taa nikipita. Nimwambie mtoto wingu ni nini?

Mpiga Deki

JIBU: Pole sana, baba, kufiwa ukiwa mbali ni kugumu. Lakini umeniudhi. Neno lililowashinda wataalamu watatu umemtwisha mtoto wa miaka sita, naye wingu analolijua ni lile la juu. Ungekuwa wewe usingepanda? Na taa za mashine huwaka hata usipopita.

Leo hii mpigie bibi, ngazi ifungiwe ndani. Kisha mtoto apakatwe, umwambie wewe mwenyewe: mama amekufa. Usiseme amelala wala amesafiri. Sauti aliirekodi akiwa hai, mwili umezikwa. Atalia, usikate simu. Akiuliza wingu ni nini, mwambie hujui, na waliosoma bado wanabishana.

Hayo maswali anayoyajibu paani siyaelewi, na sitajifanya nayaelewa. Akisema mama bado anamuuliza, usimkemee. Mwambie akuletee wewe maswali hayo, uyajibu.