Hitima ya Baba Sijaona

Newala, Agosti 1953

Kwako Baba Sijaona, huko kwenye mkonge,

Sisi wazima, na mikorosho imechanua vizuri.

Ijumaa tulisoma hitima yako. Watu walitoka hata Nanganga. Tulimchinja yule beberu wako mweupe, wakala pilau mpaka masufuria yakakombwa. Maji ya kupikia tuliyateka bondeni, tukapanda nayo kichwani mlima mzima. Jumamosi, kwa kuwa eda imekwisha, mashoga zangu walinivisha kanga mpya wakanipeleka ngomani Kitangari. Nimecheza, Baba Sijaona! Jana tukala tena Mkunya, kwa shoga yangu Paulina, kuku wa kupaka.

Nguo zako tumezigawa kama ilivyo desturi. Kanzu yako ya Idi kaichukua rafiki yako Mahmudu. Imemkaa kuliko ilivyokukaa wewe.

Mama yako amelia mpaka sauti imekauka. Nilimshika mkono, nikamwacha alie.

Usiniulize kwa nini. Mwenzako Muharami aliporudi kutoka huko mwezi wa Machi alinivuta kando, akanieleza kwamba umeoa, na kwamba wakwe zako uliwaambia mkeo wa Newala alifia uzazini. Alipokwenda zake Masasi, nilitoka uani nikapiga yowe. Majirani walipokuja mbio niliwaambia Muharami kaleta habari ya kifo chako. Nani angenibishia?

Basi kaa huko huko. Huku Sijaona keshazoea uyatima, tena anaogopa sana mizuka.

Msalimie mwenzangu.

Ni mimi, marehemu mkeo,
Mwanaheri