Boti Iliyoinua Pua

Jumapili, 2 Juni 2024

Nimeficha jambo kwa miaka arobaini, sasa naliandika. Mvuvi Simeoni hakuuawa na kiboko. Aligongwa na boti ya ofisi yetu ya uvuvi, hapa hapa Ziwa Kitangiri, na aliyeshika mkono wa injini ni mimi, Laurenti.

Ndiyo habari yenyewe. Mistari mitatu! Nilidhani ingejaza daftari.

Boti ile ilikuwa na kasoro. Ukiongeza moto wa injini, nyuma inazama, pua inapanda, mbele huoni kitu isipokuwa mbingu. Sikumwona. Niliposikia kishindo nilidhani ni gogo. Kwenye ripoti nikaandika kiboko. Wakaja askari wa wanyamapori wakampiga risasi dume mmoja aliyekuwa amejilalia kwenye matete. Kijiji kikagawana nyama. Mimi nikaletewa kipande cha paja — heshima ya Bwana Samaki.

Nilikila.

Daktari amesema moyo umechoka. Nina miaka themanini na miwili. Miguu imevimba, viatu havipandi. Binti yangu Emiliana anadhani naandika wosia. Nimemwacha adhani hivyo.

Jumanne, 4 Juni

Leo amekuja Aneth. Kati ya watu wote — mjukuu wa Simeoni!

Ndiye anayeendesha boti ya kikundi cha akina mama, ile inayovusha wajawazito na wagonjwa kutoka vijiji vya ng'ambo kuja zahanati. Shikamoo babu, marahaba, akakaa mkekani kabla sijamkaribisha. Boti ni mpya, ya faiba, futi kumi na tano, na inamtesa. Akikimbia, pua inapanda na mgonjwa aliyelazwa anateleza kwenda nyuma. Tena inalalia kulia, upande anaokaa yeye. Wiki iliyopita mama mmoja mwenye mimba ya miezi tisa alimwuliza, "Dada, tunakwenda zahanati au mbinguni?"

Alicheka mwenyewe. Mimi sikuweza.

Anasema watu wa mwaloni, pale boti zinapoegeshwa, wamemwambia nenda kwa Bwana Samaki, yule alisomea mambo ya boti. Kweli nilisomea. Nikampa maelezo ya kitaalamu, kwa sauti ya zamani ya ofisini: boti ikiinua pua, mwendeshaji ni kipofu.

Akanitazama kidogo. "Mimi huwa nachungulia pembeni, babu."

Nikamwuliza habari za mahindi.

Alhamisi, 6 Juni

Tumeanza na mambo mepesi. Tangi la mafuta lisogezwe mbele. Injini ishushwe tundu moja. Amefanya yote, imesaidia kidogo tu. Nikapendekeza mfuko wa mchanga puani. Akasema: "Sasa babu, mchanga ukikaa mbele, mgonjwa nimbebe mgongoni?"

Basi tumefika kwenye vibawa. Ndivyo tulivyoviita, jina la Kizungu limetushinda wote wawili. Alinionyesha picha kwenye simu. Mabati mawili bapa, yamefungwa kwa bawaba nyuma ya boti, moja kila upande wa injini, sawa na tumbo la boti. Yameinamishwa kidogo. Maji yanayokimbia chini yanayasukuma juu. Nyuma inanyanyuka, pua inashuka. Kwisha!

Niliitazama picha ile mpaka simu ikajizima.

Bati dogo kama sinia ya chai. Linanyanyua injini, mafuta na watu wanne. Halifanyi kazi yoyote — limekaa tu mahali pake, limeinama nyuzi chache, na ziwa zima linalisukuma. Hesabu yake niliifanya ubaoni mwaka 1968 nikapata alama nzuri, na sikuona chochote. Leo ndiyo naona. Nguvu zote hizo zimo kwenye maji, halafu unapita asubuhi unaliona ziwa limelala kimya na bata juu yake.

Mzee mzima, roho inanidunda kwa sababu ya bati.

Jumamosi, 8 Juni

Kuchagua. Aneth alikuja na karatasi, nami miwani.

Viko vya mota na swichi, unavishusha na kuvipandisha ukiwa safarini. Vizuri sana kuvitazama! Lakini vinataka betri, na betri hana. Yash wa duka la vipuri mjini Singida amemwambia kwa simu vitatoka Dar, wiki tatu, na yeye mwenyewe hajawahi kuvishika.

Viko vya springi, vinajirekebisha vyenyewe kwa kasi ya maji. Hivi nilivipenda. Kisha nikakumbuka tope letu. Springi ile haitaiona Krismasi.

Na viko vya bolti: unatafuta pembe inayofaa, unakaza, basi. Havifai boti inayobadilisha mzigo kila siku. Lakini ya Aneth haibadiliki. Yeye nyuma, mgonjwa katikati, mkunga, ndugu mmoja. Tumechagua hivi. Na kwa sababu yeye hukaa kulia, kibawa cha kulia kitainama zaidi kidogo ya cha kushoto, ili ule upande unaolala unyanyuliwe.

Ukubwa inchi kumi na mbili kwa tisa. Fundi Bonaventura atavikata kwenye meza ya stenlesi ya hoteli iliyofungwa. Anataka viwe vikubwa zaidi. "Mzee, bati kubwa ndiyo nguvu." Nikamwambia hapana, tena visishuke chini ya tumbo la boti, vitakwangua matope na kushika majani. "Mzee umesoma mpaka bati unalihurumia!" Nikacheka. Muda mrefu sijacheka hivyo.

Aneth alileta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka kwa bibi yake, Febronia, mjane wa Simeoni. Kila mwaka baada ya mavuno ananiletea. Tangu mwaka ule. Kwa sababu nilimtafuta Simeoni majini siku mbili bila kupumzika, nikamleta akazikwa. Hivyo ndivyo anavyonikumbuka.

Jumatano, 12 Juni

Bonaventura kanidanganya! Amekata inchi kumi na nane.

Nililetwa mwaloni kwa pikipiki, Emiliana kakaa nyuma kanishika kama gunia la alizeti. Wakaniwekea kiti. Aneth akatoka. Mara ya kwanza pua ikashuka vizuri, watu wakapiga makofi. Akaongeza moto — pua ikachimba maji! Boti ikageuka yenyewe, kama ng'ombe aliyevutwa kamba ghafla. Nilisimama. Sijui nilisimamaje, miguu hii.

Alirudi polepole, maji yanamchuruzika kichwani. Mwaloni kelele:

"Aneth, umeota mkia wa perege!"

"Nanyi mtaota nundu kwa kusimama bure. Shukeni mvute boti!"

Wakashuka. Bonaventura alichukua mabati yake akaenda kukata upya, hakunitazama. Nami sikumsema. Mtu aliyekosea na kurekebisha siku hiyo hiyo, nimseme mimi?

Jumapili, 16 Juni

Febronia alipita baada ya ibada. Alitafuta mkono wangu akaukosa, kisha akaupata. Macho yake yana ukungu mweupe. Madaktari wa macho watakuwa ng'ambo Ijumaa, siku moja tu. Barabara ya kuzunguka imekatika tangu mvua. Aneth anataka amvushe.

Hajakanyaga ziwa hili miaka arobaini. Hata kuchota maji alikuwa anakwenda kisimani, mbali.

Akasema: "Nimemwambia huyu mtoto, yule mnyama alinichukulia mume, sitaki anikute naye majini. Lakini nasikia boti unaitengeneza wewe. Ukisema iko sawa, Bwana Samaki, nitapanda. Wewe ndiye uliyemwona yule kiboko."

Nikamwambia Alhamisi tunaijaribu, nitamjibu Ijumaa asubuhi.

"Haya. Michembe umekula?"

Nimekula.

Alhamisi, 20 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Saa tatu asubuhi. Hakuna upepo. Ziwa jeupe, huwezi kusema maji yanaishia wapi. Nikamwambia Aneth nataka kushika injini mwenyewe. Emiliana akapiga kelele kwamba nitafia majini. Nikasema nitafia mahali fulani tu. Wanaume wawili wakanibeba wakaniketisha nyuma, upande wa kulia, mkono wa kushoto kwenye injini. Mahali pangu pa zamani. Mkono ulijua.

Kwanza bila vibawa, nilitaka hivyo, vipandishwe visiguse maji. Niliongeza moto. Nyuma ikazama, pua ikapanda, ikafunika kila kitu. Mbingu tupu! Nikajisemea, unaona? Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna binadamu angeweza kuona. Karibu nimwambie Aneth kwa sauti.

Halafu bega langu la kulia likatoka nje ya boti. Sikuliamuru. Shingo ikanyooka, kichwa kikaenda pembeni, na ubavuni mwa pua nikaona maji yote ya mbele. Mitumbwi miwili. Mmoja una mtu aliyevaa kofia nyekundu. Nilihesabu vyelezo vya wavu wake.

"Hivyo hivyo babu!" Aneth akapaza sauti. "Wote tunachungulia. Nani aendeshe kwa kuomba Mungu?"

Nilizima. Tukaelea. Akaniuliza kama naumwa, nikasema kaza bolti.

Akavishusha, nyuzi tano kushoto, sita kulia. Kulia alirudia mara mbili. Nikaongeza moto tena. Pua ilianza kupanda — ikasita — ikashuka. Taratibu, kama ngamia anapopiga magoti. Na Kitangiri ikafunguka. Yote! Matete ng'ambo, ndege mwari weupe wamejipanga, ukuta wa milima, moshi wa mtu anayechoma shamba mbali kabisa. Masikio ya viboko, manne, yanatikisika. Boti imekaa sawa, haielemei huku wala huku. Aneth aliweka kikombe cha chai sakafuni na chai haikumwagika. Nyuma yetu maji yalitoka yamenyooka kama yamepigwa pasi.

Nimefanya kazi juu ya ziwa hili miaka ishirini na saba na sijawahi kuliona nikiwa naenda kasi. Nilikuwa naona mbingu na povu. Mabati mawili ya meza ya hoteli! Machozi yakatoka, Aneth akadhani ni furaha, na ilikuwa furaha pia, siwezi kusema uongo hapa.

"Kumbe ni hivi tu?" nikasema.

"Ni hivi tu, babu."

Nimerudi nyumbani, nimelala mchana wote, sikusinzia. Miaka arobaini nimeilaumu pua ya boti. Bega langu leo limetoka lenyewe. Sikulifundisha leo.

Siandiki zaidi.

Ijumaa, 21 Juni

Saa moja na nusu asubuhi. Uji uko mezani, unapoa. Aneth ametuma ujumbe: watapita hapa kwanza, nimwambie bibi neno moja, kisha washuke mwaloni.

Boti iko sawa. Nimeipima. Nikisema panda, nitakuwa nimesema kweli, na atapanda, na atakaa katikati ameshika ukingo kwa mikono miwili akimwogopa mnyama ambaye hakuwepo. Atarudi anaona. Ataleta michembe mwakani kwenye kaburi langu.

Nimejaribu sentensi kadhaa tangu alfajiri. Zote zinaanza na pua ya boti.

Wamefika. Nawaona dirishani. Febronia amevaa kitenge kipya, viatu amevishika mkononi, Aneth kamshika kiwiko anamwonyesha dimbwi la maji. Emiliana anawapokea uani. Salamu ndefu. Sasa nasikia sauti ya Febronia: Bwana Samaki yuko wapi, aniambie nipande nisipande?

Emiliana anasema yuko ndani, anaandika.

"Basi mwache amalize."

Haya. Ilikuwa saa nne asubuhi, maji shwari. Wiki ile nilikuwa nimemchomea Simeoni nyavu zake za macho madogo, naye akatega nyingine. Nilitaka nimpite karibu, wimbi limlowanishe, watu wamcheke mwaloni. Nilikimbia moja kwa moja alipo. Pua ilikuwa juu. Nilichungulia pembeni. Alivaa shati la kijani. Alisimama kwenye mtumbwi, akainua kasia juu kwa mikono miwili.

Nilimwona. Sikupunguza moto.