Taa ya Injini Naiwasha Mwenyewe

Shangazi Merle mpendwa,

Nisaidie, na tafadhali usinicheke mpaka ufike mwisho, ukishafika cheka unavyotaka. Nina miaka sabini na moja, naishi Ulverstone, nilifanya kazi kiwanda cha karatasi hadi kilipofungwa, na mke wangu Glenys alifariki miaka minne iliyopita akaniachia nyumba, redio ya jikoni na gari lake, gari la michezo la Kijapani la mwaka 1993, jekundu, viti viwili tu, ambalo miaka yote aliliendesha yeye na mimi nikakaa kushoto kwake nimeshikilia mlango, maana Glenys alizipenda kona za barabara ya zamani ya kwenda mji wa Penguin, na mimi nilizipenda kwa sababu kwenye kona alikuwa anacheka.

Mwaka jana mwezi wa nane taa ya injini ikawaka, ile ya njano kwenye dashibodi, nikalipeleka gari kwa fundi anayeitwa Renae Dobrich, mwanamke wa miaka arobaini hivi, ana gereji nyuma ya maghala ya viazi aliyoachiwa na baba yake, anafanya kazi peke yake, na huku kwetu ndiye pekee anayekubali kugusa magari ya umri ule, kwa sababu gari lile halichomekwi kwenye mashine ikakusomea ugonjwa, unafungua boneti, unaunganisha matundu mawili ya kiboksi kidogo kwa kipande cha waya, halafu unakaa ndani unahesabu jinsi taa inavyopepesa. Renae akakaa kwenye usukani akaniambia, "Ingia basi, Nev, mbona umesimama kwenye mvua kama nguzo ya umeme? Mimi nahesabu, wewe andika." Nikaingia kushoto. Taa ikapepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara tano. "Ishirini na tano," akasema. "Hewa nyingi, petroli kidogo. Kuna mahali injini inavuta hewa ya wizi." Kisha akamimina chai kutoka kwenye chupa yake tukanywa humohumo garini, mvua inapiga bati la gereji, akaniuliza Glenys alikuwa mtu wa namna gani, na Shangazi, tangu mazishi hakuna mtu aliyekuwa amelitamka jina hilo mbele yangu.

Siku hiyo alitafuta asipate, wiki iliyofuata vilevile, halafu mimi mwenyewe nikiwa nyumbani nikapata, mpira mwembamba wa hewa nyuma ya injini ulikuwa umepasuka upande wa chini, huuoni mpaka uupapase, nikanunua mwingine nikaubadilisha, taa ikazimika moja kwa moja, na badala ya kumpigia Renae nimwambie, nikanyamaza. Zikapita siku kumi na saba. Simu iliita mara moja, kijana anauza paneli za sola, nikazungumza naye dakika arobaini mpaka yeye ndiye aliyeomba kukata.

Siku ya kumi na nane nikatoka nje nikauchomoa ule mpira.

Nimeshafanya hivyo mara kumi na moja. Nauchomoa asubuhi, naendesha hadi Penguin taa inawaka, nasimama kando ya ufukwe naurudisha mahali pake, kisha narudi mjini naingia gereji na uso wa mtu asiyejua kitu, na kompyuta ya gari inakuwa imelikumbuka kosa lakini kosa lenyewe halipo tena, kwa hiyo Renae anatafuta kitu nilichokwisha kukitengeneza kwa mkono wangu. Amebadilisha sensa ya kupima hewa ya injini, amefuata nyaya moja moja kwa tochi, amepima pampu ya petroli, Jumapili moja nzima alilala chini ya gari lile wakati dada yake alikuwa na sherehe huko Devonport, na saa hizo zote amekataa kunitoza. Na kila mara kabla hajaanza tunakaa garini tunahesabu, tunakunywa chai, na mimi narudi nyumbani nikiwa na maneno ya kunitosha siku tatu.

Jumanne iliyopita nilimkuta amekaa juu ya tairi, mikono safi. Sikuwahi kumwona mikono safi.

"Nev," akasema, "nitakwambia kitu. Kazi hii nimeshaisahau."

"Usiseme hivyo."

"Baba angelisikiliza gari hili dakika tano tu akajua. Mimi ni miezi saba sasa. Ningekuwa daktari wako tungeshakuzika." Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Akaniambia kuna watu wa matairi kutoka Launceston wanalitaka jengo lake, Ijumaa ya wiki ijayo anatia saini, na ameshapata kazi ya kukata tiketi bandarini. "Huko angalau mtu akiniuliza swali nitakuwa na jibu."

Jibu lilikuwa mdomoni mwangu, Shangazi. Nikasema, "Chai imebaki?"

Sasa nifanye nini? Nikimwambia nimempoteza, nisipomwambia nimempoteza vilevile. Nimefikiria nimpelekee gari mpira ukiwa umechomoka, auone mwenyewe, afurahi kwamba amepata, na mimi nisiseme lolote. Je, hiyo si njia nzuri?

Abiria, Pwani ya Kaskazini

SHANGAZI MERLE ANAJIBU

(Jibu hili nililituma kwa posta ya haraka siku ileile barua ilipofika. Nalichapa gazetini sasa kwa ruhusa ya wahusika wote wawili, na majina nimeyabadilisha.)

Abiria,

Hapana, hiyo si njia nzuri. Unataka kumdanganya mara ya kumi na mbili ili umponye na zile kumi na moja. Acha.

Sikukucheka. Nilipofika kwenye kijana wa paneli za sola niliweka barua mezani nikaenda kusimama dirishani. Najua nyumba inavyonyamaza. Najua mtu anavyoweza kuongeza sauti ya redio ili tu aipunguze tena. Kwa hilo pole sana, pole ya kweli.

Lakini sasa nisikilize vizuri, maana nitasema mara moja. Ulichoka kuwa peke yako, ukaamua kumchukulia mwanamke huyu kitu ambacho hukuwa na haki nacho. Sizungumzii muda wake, ingawa na huo umeuchukua. Nazungumzia imani yake kwamba mikono yake inajua kazi. Ameachiwa gereji na baba yake, kila siku anajipima na marehemu, na wewe miezi saba umekaa kiti cha kushoto na kikombe mkononi ukimtazama akishindwa mtihani ambao wewe umeificha karatasi yake ya majibu. Mzee mzima! Huoni aibu? Naona unaiona, ndiyo maana umeandika. Basi itumie hiyo aibu kabla haijapoa.

Utafanya hivi. Kesho asubuhi, usingoje Ijumaa, utaendesha gari hadi gerejini. Usichukue keki. Usichukue maua. Usianze na habari za Glenys, kwa sababu ukianza na Glenys yeye ndiye atakayeanza kukubembeleza, na safari hii si zamu yako kubembelezwa. Fungua boneti, mwonyeshe mpira, uchomoe mbele yake, sema: "Nilikuwa nafanya hivi." Akikutukana, pokea. Akikufukuza, ondoka. Mwambie wazi kwamba hakuna fundi duniani angeweza kuipata hitilafu ambayo mwenye gari anaificha mfukoni kabla ya kufika. Hilo ndilo analohitaji kulisikia, na ni wewe tu unayeweza kumwambia. Na saa zote alizokataa kukutoza, mlipe.

La pili. Mjini kwenu kuna banda la ufundi ambako wazee hukutana Jumatano wakitengeneza viti na kubishana kuhusu mpira wa miguu. Nimeuliza, lipo. Utakwenda wiki hii, na utakwenda hata kama wiki ya kwanza hakuna atakayekusemesha. Mtu mmoja hawezi kuwa dunia yako nzima, hasa mtu aliyedhani anatengeneza gari.

Uniandikie ilivyokwenda. Si ombi.

Merle

BARUA YAKE YA PILI

Shangazi Merle,

Nilikwenda Alhamisi, saa mbili asubuhi. Sikupeleka keki. Nilifungua boneti, nikauchomoa mpira, nikasema yale maneno.

Renae aliutazama mpira. Akaurudisha mahali pake, akauchomoa, akaurudisha tena. Kisha akasema, "Kwa hiyo sensa ilikuwa nzima."

"Nzima."

"Na nyaya?"

"Kila kitu kilikuwa kizima, Renae. Hukukosea hata mara moja."

Akaenda nyuma ya gereji, nikasikia kitu cha chuma kinatupwa ukutani, kisha kingine. Nikabaki nimesimama. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akanipa ufunguo wangu akaniambia nisionekane pale mwezi mzima, ikiwezekana miwili, na kwamba nikikutana naye dukani nipite njia nyingine. Nikasema sawa. Nikaingia garini, nikawasha injini, taa haikuwaka.

Nilikuwa nimeshafika getini alipokuja mbio kwenye mvua akagonga kioo. Nilikishusha. Nikadhani amesahau tusi.

"Wale watu wa matairi nimewapigia sasa hivi," akasema. "Nimewaambia hapana." Akawa anahema. Halafu akasema, kwa hasira bado, "Ila wewe, Nev. Ungekuja tu. Siku yoyote. Ungesema, Renae, nimekuja kunywa chai. Mlango si ulikuwa wazi?"

Nilipandisha kioo nikaendesha hadi Penguin, na huko nikakaa muda mrefu bila kuteremka. Shangazi, nina miaka sabini na moja. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaruhusiwa kwenda tu.

Jumatano nilikwenda bandani. Nimepewa kiti nikipige msasa.

Abiria