Kikohozi Changu na Sokwe Wako

Mwamkulu, Jumapili

Mwanangu Malale,

Sisi tupo, mpunga umekomaa, na yule ng'ombe mwekundu amezaa jike.

Dada yako Aneth anasema huji. Eti nyie mnaookota mavi ya sokwe huko Ugalla ili yapimwe virusi, mkitoka kwa mtu anayekohoa mtawaambukiza hao sokwe. Haya. Amenionyesha kwenye simu huyo sokwe jike mliyempa jina Mama. Mavi yake ya juzi unayajua mpaka rangi, na akiharisha huli. Na mimi je? Miezi miwili nakohoa, makohozi yangu umeuliza yana rangi gani?

Ni mekundu, mwanangu.

Aneth sijamwambia. Njoo unipeleke hospitali. Nitajifunga kitenge mdomoni, nitatembea nyuma yako, mbali.

Mama yako wa kukuzaa,
Suzana