Ulisema Afadhali

Mdogo wangu,

Salamu zangu zikukute mzima. Shemeji hajambo? Watoto wameacha kukohoa? Shikamoo yako niliipata kwa dada, marahaba. Mimi nipo. Mgongo unauma lakini saruji bado naibeba. Simu zangu naona hupokei siku hizi, ndiyo maana nimeshika kalamu. Mwandiko wangu unaujua, soma polepole.

Habari kubwa ni ya Pancha. Najua dada alikuambia amekufa. Hakukuambia vizuri, kwa hiyo nakuambia mimi.

Ulimwona mara moja tu, ulipokuja kwangu. Yule mpaka rangi mwembamba wa chama chetu cha baiskeli, anayecheka kabla hajamaliza maneno. Tulimwita Pancha kwa sababu tairi la mtu likiisha upepo njiani, yeye ndiye anapiga magoti kwenye vumbi na kuziba. Kinyozi, mwenyekiti wetu, kwa unene wake ule alikuwa mteja wa kila wiki. Pancha alimwambia matairi yake yanastahili pensheni.

Shemeji yako, mke wangu, alipofariki nilijifungia ndani. Unajua. Nyinyi mlipiga simu. Pancha alikuja, akasimama mlangoni, akasema nanuka kama beberu, nioge twende. Nikamwambia atoke. Akakaa kwenye ngazi mpaka nikaoga. Jumapili iliyofuata akaja tena, na iliyofuata. Bila yeye mimi nisingekuwepo.

Sasa kilichotokea. Baiskeli yake ilivunjika pedali, nikamwazima yangu. Alipata kazi ya kupaka rangi shule moja ya mbali, ikabidi atoke giza halijaisha. Kwenye ile barabara ya nyuma ya kiwanda cha matofali lori likamgonga kwa nyuma. Halikusimama. Muuza maziwa alimkuta mtaroni kumeshakucha. Alikuwa bado anapumua. Alikufa wanamshusha hospitalini. Daktari alimwambia mkewe kwamba angefikishwa mapema angeweza kupona.

Tulimzika. Wanachama wote tulikuja na baiskeli, tukazikokota nyuma ya jeneza, hakuna aliyepanda. Kinyozi alianza kumzungumzia marehemu, akafika kwenye ile pensheni ya matairi, akaacha hapo, akaenda kushika baiskeli yake.

Tangu hapo chama hakizungumzi safari wala mashindano. Kinazungumza lori. Fundi wetu wa kuchomelea aliokota vipande vya taa pale barabarani. Anatembea navyo mfukoni, anaingia gereji moja anatoka anaingia nyingine, analinganisha. Hana haraka. Mke wa Pancha anakaa tu, anatuangalia usoni mmoja mmoja tukiingia kwake.

Jumapili iliyopita kinyozi alisema mbele ya wote kwamba mimi nina mdogo wangu dereva wa lori, na madereva huambiana mambo yao. Wakanituma kwako. Wanakuomba uwasaidie kumtafuta. Nikaitika, na ujumbe wao nimeufikisha.

Sasa langu mimi.

Asubuhi ile ya ajali ulinipigia simu. Kulikuwa bado giza, natafuta viatu vya kazini. Nikasema haloo, ukanyamaza. Nikasema haloo tena. Ukauliza, kaka, ni wewe? Nikakujibu, kwani ulitaka jini? Ukasema afadhali. Ukakata. Nilidhani umeota vibaya, nikacheka, nikaenda zangu kazini. Tangu hapo hujapokea simu yangu.

Baiskeli aliyokuwa nayo Pancha ni ile yenye madigadi ya njano. Uliyapaka wewe mwenyewe, ukasema madereva wenzako wanione kwa mbali.

Uliyaona, mdogo wangu. Ulidhani umenigonga mimi, na hukusimama. Ulienda mbele ndipo ukapiga simu. Ulipoisikia sauti yangu ukasema afadhali, na Pancha yuko mtaroni anapumua. Ungegeuza. Au ungeniambia tu, ningekimbia mwenyewe, si mbali na kwangu.

Sijamwambia mtu. Jumapili hii asubuhi tunakwenda wote pale alipoangukia, na mkewe. Njoo. Simama mbele yake useme kwa mdomo wako, halafu tutakwenda polisi mimi na wewe. Nitakuwa pembeni yako, hakuna atakayekugusa kabla hajanigusa mimi. Usipokuja nitasema mimi, na pembeni yako sitakuwepo. Usinipigie kunibembeleza. Nikikusikia nitakuonea huruma, na huruma hiyo sasa siitaki.

Msalimie shemeji, nawe kaa naye umwambie kabla watu hawajamwambia. Wanangu wote wakumbatie. Dada anakusalimu, hajui kitu.

Ni mimi kaka yako, mzima kama ulivyosikia.